Tiketi ya TAZARA kwa Mapumziko ya Nyanda za Juu: Ipi Inunuliwe Kwanza

Anayetoka Dar es Salaam kupumzika Mbeya, iwe kwa ajili ya Ziwa Ngozi, Mlima Rungwe au maua ya Kitulo, hulinganisha nauli kwanza, ilhali kinachoamua raha ya safari ya treni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ni chumba atakacholala na saa atakayopita mlimani.

Kwa familia au marafiki wanne, ninaweka juu kabisa daraja la kwanza, chumba chote. Chumba kina vitanda vinne, na kwa kuwa wanaume na wanawake hutenganishwa, mume na mke wanaonunua tiketi mbili tu watalala vyumba tofauti. Hivyo wawili wasiotaka kutengana hulazimika kulipia vitanda vyote vinne, jambo ambalo ni ghali lakini huondoa ubishi wote.

Daraja la pili linafuata, na kwa msafiri wa peke yake ndilo ningelichagua bila kusita. Vitanda ni sita, vitatu kila upande. Cha chini kina dirisha, ila mchana hugeuka kiti cha wote, na mwenye nacho hawezi kujinyoosha mpaka wenzake wapande kulala. Cha katikati hukunjwa mchana. Cha juu kina joto huku pwani na hakina mandhari, lakini unalala saa yoyote upendayo. Mwenye mgongo mbovu asikiombe, maana kukipanda ni kazi.

Daraja la tatu ni la kukaa tu. Linafaa kwa vipande vifupi, kama Makambako hadi Mbeya. Kwa usiku mzima, hapana.

Mwelekeo nao una uzito wake. Treni ya kutoka Dar, ikifuata ratiba iliyozoeleka ya kuondoka alasiri, hupanda milima kutoka stesheni ya Mlimba kwenda Makambako alfajiri na asubuhi, na hapo ndipo yalipo mahandaki na madaraja mengi ya reli hii iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975. Karibu na Uyole reli hufika mita 1,790 hivi, na baridi ya Juni na Julai huingia dirishani, kwa hiyo sweta likae mkononi, si chini ya mizigo.

Ucheleweshaji ni wa kawaida na ratiba hubadilika, basi ulizia stesheni kabla ya kulipa, na usipange kupanda Rungwe siku ileile ya kufika. Anayekwenda Njombe ashuke Makambako. Anayekwenda Iringa apande basi tu, kwani reli haifiki huko.

Tiketi ya kurudi nisingeinunua. Treni ya kuelekea Dar hupita mlimani usiku, wakati basi la alfajiri kutoka Mbeya hukupitisha kwenye mteremko wa mlima Kitonga mchana kweupe.