Uzoefu wangu na Inscription: kalamu kidogo, kinu sana

Niliichagua Inscription, fani ya uandishi katika gemu la mtandaoni la World of Warcraft, kwa sababu ya picha iliyokuwa kichwani mwangu: kizee wa kichawi, mshumaa, kalamu ya unyoya na maandishi yanayong'aa yenyewe. Siku ya kwanza nikashinda nasaga majani. Ya pili vilevile. Kwa hiyo kama na wewe unaitazama orodha ya fani za World of Warcraft na jicho limetua hapo, ujue mapema kwamba kuandika kwenyewe ni sekunde chache. Kazi iliyobaki yote ni kinu na soko, na ajabu ni kwamba hapo ndipo nilipoipendea.

Nilijifunza katika Wrath of the Lich King Classic, toleo lililofunguliwa Septemba 2022 na ambalo mwaka 2024 seva zake zilihamia Cataclysm Classic, kwa hiyo ninayoeleza hapa ni mambo yalivyokuwa wakati huo. Fani yenyewe ni ya 2008, ilipoingia kwenye gemu wakati wa Wrath ya kwanza. Kuanza hakuna ugumu: mhusika afike ngazi ya 5, amfuate mwalimu katika mji mkuu, anunue Virtuoso Inking Set na asiitoe mkobani, maana bila hiyo huandiki kitu.

Kisha unaanza kusaga. Mimea mitano ya aina moja inaingia kinuni, unatoka unga wa rangi. Unga unageuzwa wino, wino unakutana na karatasi unayouziwa na mchuuzi, na hapo ndipo inapozaliwa glifu, ile talasimu ndogo inayobadili namna uchawi au pigo fulani linavyofanya kazi. Peacebloom na Silverleaf, majani ya njiani kabisa, yanatoa Alabaster Pigment. Ukifika maeneo ya ngazi za juu zaidi rangi nazo zinabadilika, hadi Northrend, bara la Wrath, ambako unasaga kupata Azure Pigment na kupika Ink of the Sea. Mara mojamoja, kuanzia mimea ya daraja la pili, kinu kinatema pia rangi adimu. Hiyo usiiuze kwa pupa. Mimi niliuza yote ya mwanzo nikijiona mjanja, halafu wiki iliyofuata nikawa nainunua kwa watu.

Kosa langu kubwa lakini si hilo. Nilianza bila Herbalism, fani ya kuchuma mimea. Fani yangu ya pili ilikuwa Tailoring, ushonaji, nikajiambia majani nitanunua mnadani, shida iko wapi? Pointi 75 za mwanzo zilikwenda vizuri. Nilipofika katikati nikakwama, kwa sababu wachezaji wote wako Northrend na hakuna anayerudi nyuma kuchuma mimea ya mabondeni. Wauzaji wawili watatu waliokuwepo walilijua hilo na wakapanga bei zao kwa utulivu kabisa. Nilivumilia kwa muda, mfuko ukakauka, nikaifuta Tailoring niliyokuwa nimeifikisha zaidi ya 300 na kuanza kuchuma kutoka sifuri, mage (mchawi) wa ngazi ya 70 na kitu akiinama kuokota Peacebloom katikati ya wanaoanza. Mmoja aliniuliza kama nimepotea.

Ukishaweza kutengeneza Ink of the Sea kwa wingi, mambo yanalegea. Dalaran, mji wa Northrend, kuna mchuuzi, Jessica Sellers, anayekubadilishia wino huo kwa wino za chini, mmoja kwa mmoja. Snowfall Ink, ile adimu, anaitoa kwa Ink of the Sea kumi. Ningejua mapema ningejikaza kufika Northrend haraka na kujazia wino zote za zamani kwake. Jambo jingine dogo: Frost Lotus, ua adimu la Northrend, haisagiki. Niliibonyeza mara tatu kabla ya kukubali.

Sasa glifu. Nyingine unafundishwa na mwalimu, nyingine unazipata kwa utafiti, Minor Inscription Research na baadaye Northrend Inscription Research. Unatumia wino na karatasi, unagundua glifu moja ambayo huijui, na huchagui ipi. Kisha unasubiri saa 20. Si 24, ni 20, kwa hiyo ukiamua kuifuata saa hiyo kikamilifu, leo utatafiti usiku, kesho jioni, keshokutwa mchana, na baada ya muda unajikuta unaamka alfajiri kwa ajili ya kubonyeza kitufe kimoja. Niliacha ushupavu huo baada ya wiki mbili. Kuna pia Book of Glyph Mastery, kitabu kinachodondoka kwa maadui wa Northrend, nacho kinakupa glifu ya bahati.

Kwa nini ujisumbue kuzijua zote? Kwa sababu ya soko. Katika Wrath, ukiweka glifu mpya juu ya nyingine, ya zamani inafutika. Mtu akibadili mawazo ananunua tena, na wachezaji hubadili mawazo kila wiki. Ila glifu moja haikutajirishi. Ukitundika ishirini za aina ileile, atatokea mtu atakayeshusha bei yake kwa sarafu moja ya shaba chini ya yako, nawe utamshusha, naye atakushusha, mpaka wote mnauza chini ya bei ya wino. Kilichonifaa mimi ni kutundika nyingi tofauti, mbili mbili, zikiwemo zile ambazo wenzangu walizidharau. Glyph of the Penguin, inayomfanya mage amgeuze adui kuwa pengwini badala ya kondoo, haiongezi nguvu hata chembe. Ilikuwa inaondoka kila siku. Watu wanalipia kicheko.

Jambo ambalo sikulipenda ni kubofya. Kusaga ni kundi moja kwa wakati, majani matano, subiri, matano, subiri. Weka redio. Mnada nao unakata asilimia 5, na malipo yanakuja saa moja baada ya mauzo, kwa hiyo usipange kununua farasi papo hapo.

Katika matoleo ya baadaye hali ni nyingine. Cataclysm ilifanya glifu ijifunzwe mara moja na kubaki, basi mteja harudi. Legion, 2016, ikaziondoa zile za nguvu, zikabaki za mwonekano tu. Tangu Dragonflight ya 2022 fani za kutengeneza vitu zina maarifa ya kubobea, viwango vya ubora na oda za wateja. Mwandishi wa leo ana kazi, ila si hii ninayoisimulia.

Nikirudi kwenye Wrath ile, ningemwambia nani aichukue? Mwenye subira na anayependa mahesabu, na achukue Herbalism siku ileile, kwa mhusika yuleyule. Aliyetafuta nguvu ya mapigano alipata Master's Inscription, nakshi ya kuongeza nguvu vazi la mabegani, ya waandishi peke yao, nayo ilikuwa nzuri, lakini kwa hiyo tu safari ilikuwa ndefu mno.

Nimebakiza kadi za Darkmoon, ambazo mwandishi huzitengeneza na wachezaji huzikusanya kwa seti. Kila ulipoandika Darkmoon Card of the North ulipata moja kati ya 32: seti nne, kuanzia Ace hadi Eight, bila kuchagua. Seti ya Nobles ndiyo kila mtu aliyoitaka. Mimi nilipata Two of Nobles mara tatu, Eight haikunitokea hata siku moja. Mwishowe niliinunua kwa muuzaji mmoja wa mnadani, na alipoona jina langu kwenye sanduku lake la barua akaniandikia kuuliza kama nina Two ya ziada.