Kofia ya kubania nywele ya fundi cherehani wa Mafinga, baada ya miezi mitano kerezoni na uwanjani

Kofia ninayoieleza hapa haina chapa wala kisanduku. Inashonwa na fundi cherehani mmoja wa kike mwenye meza yake pembezoni mwa soko la Mafinga, nami niliinunua mwezi Machi kwa shilingi 7,000, baada ya kumweleza kwamba siku 6 za wiki ninakereza, yaani ninachonga kwa mashine inayozungusha mti, miguu ya viti na vitanda, na kwamba Jumapili ninacheza beki wa kushoto katika timu ya wanawake ya mtaani kwetu. Baada ya kuitikia salamu yangu ya "kamwene", swali lake la kwanza lilikuwa: "Dada, hizo rasta unazisuka mpaka wapi?" Nilipomwonyesha katikati ya mgongo, alichukua futi kamba, akaniamuru nizizungushe kisogoni kama ninavyozifunga kazini, kisha akapima kichwa pamoja na fundo lote. Sijawahi kuona duka la kofia linalofanya hivyo, na kwa maoni yangu hapo ndipo ubora wa kofia hii unapoanzia.

Sikwenda kwake kwa ajili ya urembo. Mwaka jana, katika karakana niliyokuwa nikifanyia kazi wakati huo, niliinama kuangalia shingo ya mguu wa kitanda uliokuwa ukizunguka kwenye kerezo. Nywele zangu zilikuwa zimefungwa kwa mpira, kwa hiyo nilijiona nimejikinga. Kumbe rasta moja ilikuwa imeponyoka karibu na sikio. Sikuhisi kuvutwa, nilihisi kipigo, na nilipoinua kichwa niliiona rasta yangu imejiviringisha kwenye mti kama uzi kwenye bobini. Ilikuwa imechomoka pamoja na nywele zangu za asili, ikaniachia upara wenye ukubwa wa sarafu ya shilingi 200, ambao mpaka leo haujaota vizuri. Bosi wangu alisema neno moja tu, kwamba siku nyingine nifunge vizuri.

Kufunga vizuri hakutoshi, na hesabu yake si ngumu. Mti wenye kipenyo cha sentimita 5 una mzunguko wa karibu sentimita 16. Ukizunguka mara 1,500 kwa dakika, yaani mara 25 kwa sekunde, hukusanya karibu mita 4 za nywele kila sekunde. Rasta ya sentimita 60 huisha yote kabla mtu hajashtuka, sembuse kuifikia swichi. Zaidi ya hayo, unywele mmoja wenye afya huweza kubeba karibu gramu 100, na kichwa kina nywele zipatazo 100,000, kwa hiyo fungu la nywele likishakamatwa halikatiki. Kinachoachia ni ngozi ya kichwa. Mwaka 2011 mwanafunzi wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani alifariki usiku, akiwa peke yake kwenye karakana ya chuo, baada ya nywele zake kukamatwa na kerezo. Mimi nilipoteza rasta moja.

Sasa kofia yenyewe. Nje ni kitambaa cheusi cha pamba kinachovutika, ndani ni satini ili nywele zisisuguliwe, na kisogoni kuna mfuko wa kubebea fundo, uliozungushiwa lastiki pana ya sentimita 3 hivi. Haina kamba, kifungo wala zipu. Jambo hili ninalisisitiza kwa sababu zipo kofia za dukani zenye kamba ya kufungia kidevuni, na kwa mtu anayeinamia mashine kamba hiyo ni kuondoa kitanzi kimoja na kujivika kingine, tena shingoni. Mishono imegeuziwa nje, hivyo haiumizi masikio ninapovaa vizibo vya kelele juu yake.

Mwezi Juni nilifanya kazi kwa wiki 2 upande wa Sao Hill, kwenye mashine ya kupasulia magogo ya misindano, zile ambazo wenyeji huziita dingdong. Pale hatari si msumeno peke yake. Mkanda unaotoka kwenye injini kwenda kwenye msumeno mara nyingi hauna kinga yoyote, na mtu huupita karibu mara nyingi kwa siku akisukuma gogo au akiondoa mabanzi. Kofia haikusogea hata siku moja. Asubuhi zile za ukungu ilikuwa pia joto la bure, ingawa kufikia saa 6 mchana jasho lilikuwa likinitiririka mpaka shingoni. Kasoro kubwa ilijitokeza nilipotakiwa kuvaa kofia ngumu: fundo la nywele liliiinua, ikakaa juu juu kama mfuniko wa sufuria iliyofurika, na kofia ngumu iliyokaa hivyo haimkingi mtu. Tatizo ni lilelile nikipanda bodaboda. Nilitatua kwa kusuka twende kilioni iliyolala kichwani, lakini mnunuzi ajue mapema kwamba kofia hii na rasta nene haviendi pamoja na helmeti.

Uwanjani ilinipendeza kuliko nilivyotarajia. Sheria ya 4 ya soka huruhusu kofia ya kichwani ikiwa ni nyeusi au ya rangi kuu ya jezi, haikushonewa kwenye jezi, haina sehemu inayochomoza wala haihatarishi yeyote, na hii ina sifa zote hizo. Kumvuta mpinzani nywele kunaweza kumpatia mtu kadi nyekundu, tofauti na NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani inayochezwa kwa helmeti, ambako nywele zilizotokeza nje ya helmeti huhesabiwa kuwa sehemu ya sare na mwenye mpira anaweza kuangushwa kwazo. Lakini kadi hairudishi nywele. Mwezi Julai mshambuliaji mmoja alinikamata kisogoni tukiwania mpira wa kona. Kofia ikabaki mkononi mwake, rasta zikabaki kwangu.

Lastiki ililegea baada ya miezi mitatu ya kufua, na fundi aliibadilisha kwa shilingi 1,000. Wachomeleaji na wanaotumia mashine za kusagia chuma wasiitumie kabisa, kwa kuwa satini yake huyeyuka kwa cheche kama rasta zenyewe zinavyoyeyuka msusi anapozichoma ncha. Bei ni ya haki, ingawa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ndiye atoe vifaa vya kinga, kwa hiyo ilistahili kutoka mfukoni mwa mwingine.

Vijana wenye dredi nao wanashonewa. Mwenzangu mmoja wa karakana, aliyekuwa akiniita mpishi wa hoteli, ameagiza yake wiki iliyopita. Nami nimeagiza ya pili, itakayokuwa ya uwanjani tu, kwa sababu hii ya kwanza imepakaa utomvu wa misindano usiotoka hata kwa sabuni ya kipande, na refa wetu wa Jumapili ameniambia waziwazi kwamba weusi ule si weusi tena.