Twala, Il Polei: shamba la alovera la kina mama, enda ulione

Kama uko Nanyuki na uko na siku nzima, shika njia ya Dol Dol ushukie Il Polei, hapo Laikipia, uulize manyatta ya Twala, ile ya kina mama Wamasai. Watu wengi huenda juu ya shanga na kutembea na nyani, na hiyo pia ni poa sana, nyani wamezoea watu kwa hivyo mnawafuata tu polepole wakitafuta chakula. Mimi kilichonishika ni shamba la alovera.

Wazee wa pale waliwapa hawa mama ekari 40, na hiyo si jambo ndogo mahali ambapo ardhi na ng'ombe kwa kawaida ni ya wanaume. Wakapanda alovera ya kienyeji, ile inamea Laikipia yenyewe, haitaki maji mingi, mizizi inashika udongo usibebwe na mvua, nyasi inapata kurudi katikati, maua yanalisha nyuki na asali inauzwa. Hiyo sasa ndiyo pamakalcha (permaculture), kilimo cha kufuata vile mazingira yenyewe hufanya kazi, kila kitu kinasaidia kingine. Laikipia Permaculture Centre wanafanya kazi na vikundi vya kina mama huku, na alovera ya Laikipia imefika hadi kwa Lush, wale wa sabuni na vipodozi Uingereza. Mama aliyetuzungusha alituonyesha vile wanavuna, unakata majani ya chini tu, ya katikati unaacha mmea uendelee. Na lazima iwe ya kupandwa, maana kuvuna ya porini kulipigwa marufuku Kenya tangu 1986 vile ilikuwa inamalizwa.

Sasa kumbukeni ule ukame wa 2020 hadi 2023, mvua ikakosa misimu mitano mfululizo, mifugo zaidi ya milioni 2.5 ikafa nchini. Mfugaji ng'ombe wakiisha karo inatoka wapi? Alovera yenyewe huwa inabaki imesimama. Tunaambiwa kila siku juu ya jamii kuhimili ukame, warsha baada ya warsha hotelini, na hapa mama ana ardhi, ana mzinga, ana kitu cha kuuza hata mawingu yakipita tu. Serikali za kaunti zingeanzia hapa, kupatia vikundi vya kina mama ardhi kwa maandishi.

Nawapa 5/5. Pigeni simu mapema, mfike asubuhi na mapema kama mnataka nyani, mbebe kofia na maji. Kuna banda za kulala. Na mkinunua shanga nunueni hapo hapo kwa aliyezishona.