Vifaa vya kusaidia vidole kwenye klarineti, fluti na saksofoni: kipi kinunuliwe, kipi kiachwe

Mwanafunzi wa klarineti akitoa mlio wa kukwaruza kila anapopanda kutoka noti ya la kwenda noti ya si, wazazi wengi hapa Lubumbashi huambiwa wamtafutie kifaa cha kumzoeza vidole. Kabla ya kutoa dola hata moja, kagua kwanza chombo chenyewe. Vyombo vingi vinavyopigwa kwenye komuni za hapa za Katuba, Kenya na Kamalondo vimeshapita mikononi mwa watu kadhaa, na pedi zake, vile vifuniko laini vinavyoziba matundu, zimekauka. Weka kipande cha karatasi ya sigara chini ya pedi, funga kitufe polepole bila kukandamiza, kisha vuta. Ikitoka bure upande mmoja na kushikwa upande wa pili, hewa inavuja pale ilipotoka bure. Mtoto anayepigia chombo kinachovuja hujifunza kubana kwa nguvu, na tabia hiyo haitamtoka kwa kifaa chochote kama pedi haijabadilishwa.

Pedi zikiwa nzima, tatizo linalobaki mara nyingi ni uzito. Klarineti ya mbao ya si bemoli (B-flat), ile ya kawaida, ina karibu gramu 800, na sehemu kubwa yake inalala juu ya gumba la kulia. Gumba likichoka, kiganja chote kinakakamaa, kidole cha pete kinanyooka, na tundu lake linabaki wazi kidogo. Hapo ndipo mlio ule unapozaliwa.

Kwa hiyo tunauweka mbele mto wa mpira unaovishwa kwenye kishikio cha gumba. Ni wa bei ndogo na hauhitaji fundi. Chagua mwembamba: ule mnene unasukuma gumba nje, na mwenye mkono mdogo anashindwa kufikia matundu ya chini. Kishikio kikae kati ya ukucha na kiungo cha kwanza, karibu mkabala na kidole cha shahada. Kikizama nyuma ya kiungo, maumivu yatapanda hadi kwenye kifundo cha mkono.

Mkanda wa shingoni unasaidia zaidi, hasa kwa watoto na kwa wanaopiga wamesimama ibada nzima. Kishikio kisipokuwa na pete ya kufungia, tafuta mkanda wenye kipande cha ngozi kinachovishwa juu yake. Urefu upimwe mtoto akiwa amesimama wima: mdomo wa klarineti ufike midomoni bila yeye kuinama. Ukifupishwa mno, unavuta chombo juu na kukigandamiza kwenye meno.

Kipimo kizuri kuliko vyote hakiuzwi dukani. Mwanafunzi afunge matundu yote, apige noti ya chini kwa pumzi moja, kisha ageuze vidole na kutazama nyama zake. Duara lililokamilika linaonyesha kidole kimefunika; duara lililokatika linaonyesha upande ambao hewa ilitoroka. Alama ikiwa ya kina, nyekundu na haiondoki upesi, anabana kupita kiasi.

Kwa fluti kuna vibanio viwili vya plastiki. Cha kwanza hupachikwa pale fluti inapoegemea shina la kidole cha shahada cha kushoto. Kinapanua mahali pa kuegemea, hivyo kidole hakijikunji sana wala hakifi ganzi. Tunakikubali, kwa sharti moja: ukishakipachika, piga do na do diezi (do iliyopandishwa nusu toni) kwa zamu, polepole. Plastiki ikigusa kitufe cha kidole cha shahada, kitufe hakitafunga au hakitarudi. Sogeza kibanio milimita chache. Cha pili huliongoza gumba la kulia likae chini ya kidole cha shahada, lisichomoze mbele. Hiki kitumike wiki za mwanzo tu, kwa sababu mtoto hukizoea na kukitegemea. Vyote viwili vitolewe kabla ya kufunga sanduku, na visiburuzwe kwenye bomba, vitakwangua fedha iliyopakwa.

Fluti yenye matundu kwenye vitufe huja na vizibo vitano. Anza kutoa cha kidole cha shahada cha kulia; cha kidole cha pete cha kushoto kibaki hadi mwisho, maana kidole hicho ndicho kinachopotoka zaidi. Vya silikoni vinakaa vizuri kuliko vya plastiki ngumu.

Kwenye saksofoni, vikofia vya mpira juu ya vitufe vya kiganja ni vya lazima kwa mwenye vidole vifupi, la sivyo mkono wote unahama kila anapopanda juu.

Kifaa tusichokipendekeza kabisa ni kile cha springi cha kuminya kidole kimoja kimoja. Kinajenga nguvu ya kukamata, ilhali kupiga chombo cha kupuliza kunataka kidole kiinuke kidogo na kirudi chepesi. Pesa hiyo bora inunue pedi.

Kwa filimbi ya plastiki ya shuleni, angalia mfumo wa vidole kwanza. Yamaha YRS-23 ni ya Kijerumani, YRS-24B ni ya Baroki. Ya Kijerumani inarahisisha fa, lakini fa diezi inasumbua. Anayetaka kuendelea achukue ya Baroki.

Ukiagiza kitu kitakachopitia mpaka wa Kasumbalesa, unganisha oda na wenzako wa fanfari (bendi ya vyombo vya kupuliza): usafiri wa mto mmoja wa mpira unaweza kugharimu zaidi ya bei yake. Na kabla ya kuagiza, pima upana wa kishikio kwa rula, kwa sababu mpira uliolegea huzunguka na gumba huteleza.