Mkanda wa mpira kwa shingo na mabega ya watu wa kompyuta: uzoefu wangu

Madukani Kampala kuna mito ya shingo na mashine za kukanda mgongo. Zinapooza maumivu kwa saa moja, basi. Kwa mtu anayeshinda mezani, mimi nampendekezea mkanda wa mpira wa mazoezi, maana unaujenga msuli wenyewe.

Ninaotumia ni bapa, wa mita moja na nusu, hauna vishikio. Rangi inaonyesha ugumu: kwa Thera-Band manjano ni laini, inafuata nyekundu, kijani, buluu, halafu nyeusi. Watengenezaji wengine wana mpangilio wao, kwa hiyo uvute kabla hujalipa. Unaokufaa ni ule unaoweza kuuinua mara 15, zile mbili tatu za mwisho ukizipata kwa taabu.

Zoezi lenye faida kubwa ni kuinua mikono. Kanyaga mkanda katikati, shika ncha, kunja viwiko kidogo. Inua mikono pembeni, ikielekea mbele kiasi, hadi usawa wa mabega na isipite hapo. Sekunde mbili kupanda, mbili kushuka. Ukiiachia ishuke kwa kishindo umepoteza nusu ya kazi. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2011 uliwapa wafanyakazi wa ofisini zoezi hili, siku 5 kwa wiki kwa wiki 10. Waliofanya dakika 2 tu kwa siku walipata nafuu, na wenzao wa dakika 12 hawakuwaacha mbali.

Wengi huharibu kwa kupandisha mabega hadi karibu na masikio. Hapo kazi yote inahamia kwenye msuli wa juu, kati ya shingo na bega, ambao ndio umekakamaa tangu asubuhi. Jioni utasema zoezi limekuumiza. Kwa kawaida chanzo ni mkanda mgumu mno. Shuka rangi moja.

La pili ni kuvuta. Piga fundo katikati ya mkanda, libane nyuma ya mlango kwa kimo cha kifua, usimame upande ambao ukivuta, mlango unazidi kujifunga. Vuta viwiko nyuma mpaka mifupa ya mabega ikaribiane. Mara 12 zinatosha.

Kasoro ya mkanda: jua linaumaliza. Ukiachwa ndani ya gari unapata nyufa ndogondogo, na hukatika penye fundo, ukikurukia usoni. Kagua kila mara, na upake podari kidogo usigandamane. Kipande cha tyubu ya baiskeli kwa fundi kinafaa kwa kuvuta, ila kwa kuinua mikono ni kigumu, na kinanuka.

Laptopu nayo ikae juu ya rimu mbili za karatasi, na kibodi ya pembeni, la sivyo shingo inarudi kuinama.

Mkono ukifa ganzi, au vikombe vikianza kukuponyoka, weka mkanda chini umwone mtaalamu wa fiziotherapia, hospitali ya Mulago wapo.