Nimenunua Famicom asilia, imenifikia Kampala kwa karibu laki tisa

Hamjambo ndugu zangu, karibuni tena. Leo mezani nina mashine mbili. Hii ya kushoto, nyeupe iliyogeuka njano kama meno ya mvuta sigara, na wekundu wa maharage, ni Famicom, mashine ya gemu ya kampuni ya Nintendo. Asilia, imetoka Japani. Hii ya kulia ni TV gemu ya Kichina, nimeinunua Kikuubo, soko la hapa Kampala, kwa shilingi 65,000, na muuzaji akaniongezea pedi ya tatu ya kuchezea ambayo haina pa kuchomekwa.

Ya kushoto imenila shilingi 889,000. Najua mnachotaka kuniambia. Mke wangu ameshaniambia.

Kwa wageni: mnauliza sana kwa nini mtu wa Kampala anachambua kwa Kiswahili. Mimi ni mtoto wa kambini. Nimekulia kambi ya polisi ya Nsambya, kwenye zile nyumba za bati za mviringo tulizoziita "mama ingia pole", na pale Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, Muacholi, Muiteso, Mganda, wote. Hadi leo nikiongea Kiswahili ndani ya taksi, mama aliyekaa pembeni anauvuta mkoba wake karibu, maana wengi hapa wanakihusisha na askari na wezi. Nimezoea.

Sasa, kambini kulikuwa na afande mmoja mwenye TV gemu. Shilingi mia mbili, unacheza mpaka ufe. Ukifa, pedi inahamia kwa mwenzako na wewe unarudi mwisho wa foleni. Bati linachoma, watoto kumi na watano ndani, jasho, na kwenye kioo ni Contra, ule mchezo wa kupiga risasi. Mwenye mia mbili alikuwa mfalme. Kwa hiyo mkiniona mtu mzima nanunua plastiki ya mwaka 1983, jueni ugonjwa ulianzia wapi.

Haya, hesabu, maana ndiyo mliyoijia. Mashine dola 38. Kaseti ya Super Mario Bros. dola 9. Kaseti ya Contra dola 45. Mnaona hapo? Kaseti moja imeipita mashine yenyewe. Jumla dola 92. Kusafirisha dola 48, tumefika 140. Nilibadilishiwa kwa shilingi 3,600, hiyo ni 504,000. Mzigo ukafika, ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 18, na vitozo vingine vyenye majina marefu kuliko risiti yenyewe: 280,000. Transfoma, kwa sababu adapta yake ni ya Japani, volti 100, na ukiichomeka kwenye 240 zetu utasikia harufu kabla ya muziki: 65,000. Fundi 40,000, nitawaeleza kwa nini.

Vitu nilivyovitaka hasa, mashine na kaseti mbili, ni kama 331,000. Kinachobaki, zaidi ya nusu, ni njia. Mkusanyaji wa Osaka analipa nauli ya treni. Sisi tunalipa bahari.

Na hata hiyo 331,000, miaka saba nyuma isingefika hapo. Bei zimepanda. Mwaka 2020 watu walifungiwa ndani na korona, wakakumbuka utoto wao, wakaanza kununua. Mwaka 2021 ndiyo kichaa kikapanda kichwani: mwezi wa saba, kwenye mnada wa Heritage kule Marekani, nakala moja ya Super Mario 64 ambayo haijafunguliwa iliuzwa dola milioni 1.56. Kwa shilingi zetu ni zaidi ya bilioni tano na nusu. Sasa nisikilizeni vizuri. Super Mario 64 iliuzwa karibu nakala milioni 12 duniani. Si kitu adimu! Kilichokuwa adimu ni ile nailoni ya juu haijachanika, na kampuni ya kupima hali imeipa alama 9.8 na kuifungia ndani ya plastiki ngumu. Yaani mtu amenunua mchezo ambao akiucheza tu, pesa imekwenda. Ni sawa na kununua ng'ombe wa maziwa halafu ukatazwa kumkamua.

Habari kama hiyo ikitoka, kila mwenye kaseti darini anajiona tajiri. Hata kaseti zilizochanika lebo zinapanda bei.

Kuna sababu nyingine ambayo mimi naiona ni ya haki zaidi. Michezo inapotea. Mwaka 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ilitoa utafiti kwamba asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotolewa Marekani kabla ya 2010 haipatikani tena kuinunua kihalali kama bidhaa mpya. Mwaka huohuo, tarehe 27 Machi, Nintendo ilifunga duka la mtandaoni la mashine zake za 3DS na Wii U. Mlango wa kidijitali ukifungwa, aliyetaka kucheza anaigeukia kaseti, na kaseti hazizaliani.

Japani yenyewe ilikuwa kimbilio. Yeni ilianguka sana, mwaka 2024 ilifika kama 160 kwa dola moja, kwa hiyo kwa mwenye dola vitu vilikuwa rahisi. Ila mwenye dola si mimi peke yangu. Ni dunia nzima.

Tusogee kwenye mashine. Ngoja nisogeze kamera. Angalia pedi: hazichomolewi. Waya umeingia moja kwa moja ndani ya mwili wa mashine, na ni mfupi, inabidi ukae karibu kama unakula nayo sahani moja. Pedi ya pili haina kitufe cha kuanzisha mchezo, badala yake ina maikrofoni. Ndiyo, maikrofoni, mwaka 1983! Hivi vitundu hapa, unaongea na mashine. Katikati kuna hiki kishikio, ukikisukuma kaseti inaruka juu. Sikia. Hiyo sauti peke yake ina thamani ya elfu hamsini, msibishane na mimi.

Plastiki ni nene. Vitufe vyangu ni vya duara. Zile za mwanzo kabisa zilikuwa na vitufe vya mraba vya mpira vilivyokuwa vinakwama, ndiyo wakabadilisha. Ukiona za mraba, muuzaji atakupandishia bei kwa sababu ya kasoro. Ndiyo ulimwengu wa wakusanyaji huo, kasoro ni mali.

Ubaya sasa. Famicom hii hutoa picha kwa njia ya antena, na kwa chaneli za Japani. TV yangu bapa ilitafuta, ikatafuta, ikaniletea mchele mtupu. Nikaipeleka kwa fundi wa redio pale Katwe. Akaifungua, akakaa kimya, akaniuliza, "Ssebo, huyu Mjapani alikuwa anaficha nini?" Akalehemu transista moja na vipande viwili vitatu, akatoa waya wa njano na mweupe. Picha ikaja, safi. Lakini mnaona tundu hili hapa nyuma? Ni la bisibisi ya moto. Mkusanyaji wa kweli akiliona atalia. Mimi nililia kidogo, halafu nikacheza.

Hii ya Kikuubo sasa. Kwa nje imetengenezwa ifanane na PlayStation. Ukiinua kifuniko unachotegemea kukuta CD, unakuta mdomo wa kaseti. Ndani, hakuna kitu. Nimeifungua: kibao kidogo kama cha redio ya mfukoni, na tone jeusi limemwagwa juu yake kama lami iliyoganda. Hilo tone ndiyo mashine nzima. Yale makorokoro yote ya Nintendo yameminywa hapo. Kaseti iliyokuja nayo imeandikwa michezo 9999999, ukiihesabu ni michezo isiyofika ishirini inayojirudia kwa majina ya uongo. Ina pia bunduki ya kupigia bata wa kwenye gemu, ambayo kwenye TV bapa haiui hata nzi, kwa sababu iliundwa kwa zile TV za kichogo.

Lakini tazama hapa. Kaseti ya Famicom ina meno 60. NES, yaani Famicom iliyouzwa Marekani, ni 72, ndiyo maana haziingiliani. TV gemu zetu hizi ziliiga Famicom, si NES. Kwa hiyo naichukua Contra yangu ya dola 45, asilia kabisa, naisukuma kwenye mdomo wa mashine ya 65,000... imeingia. Inawaka. Inacheza. Nabonyeza ile kodi ya siri: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A, na roho thelathini hizo hapo.

Na hapa ndipo palinishinda. Nilianza na Famicom, siku ya kwanza, taa nimezima. Muziki wa Contra ukaanza, nikahisi kuna kitu kimekosewa. Noti ni zilezile, lakini sauti si ile. Nikadhani fundi wa Katwe ameharibu. Nikaihamisha kaseti kwenye ya Kikuubo, na mara bati la Nsambya likanirudia lote, na joto lake.

Nikafuatilia. Chipu ya Famicom hutengeneza sauti kwa mawimbi ya mraba, na upana wa wimbi ndio unaoamua sauti iwe ya puani au iliyojaa. Kwenye chipu nyingi za kuiga, aina mbili za upana zilibadilishana nafasi: ya asilimia 25 ikakaa pa 50, ya 50 ikakaa pa 25. Watengenezaji walikosea, au hawakujali. Kosa hilo ndilo lililotufikia sisi. Muziki ninaoujua kwa moyo, niliokuwa naupiga mluzi nikienda kuchota maji, ulikuwa wa makosa tangu mwanzo. Kwa hiyo hizi laki tisa kasoro nimezilipa nikapata utoto wa kijana wa Osaka. Wangu uko Kikuubo, elfu sitini na tano, na pedi ya tatu ya bure.

Sisemi Famicom ni mbaya, naomba tuelewane. Mkono ukiishika unajua. Pedi za Kikuubo zitakufa kabla ya Krismasi, kitufe cha A tayari kinazama. Mashine hii ya kushoto imevuka miaka arobaini na bado inafanya kazi. Ila kama unatafuta kumbukumbu, pima kwanza kumbukumbu yako ilitoka kwenye mashine gani.

Haraka haraka, kwa mnaotaka kuanza. Nunua kaseti, usinunue boksi. Boksi na kitabu chake cha maelezo vinaweza kuizidisha bei mara kadhaa, na havichezeki. Super Mario ya Famicom bado ni rahisi kwa sababu Japani iliuzwa zaidi ya nakala milioni sita. Usipulize kaseti, mate yanaozesha meno. Chukua pamba ya masikio na spiriti ya duka la dawa. Mwenye haraka anunue kimashine cha mkononi kama Miyoo Mini au R36S, michezo iko ndani, ingawa ya haki miliki hayo ni mazungumzo marefu. PS2, yaani PlayStation 2, bado zipo nyingi kwenye vibanda vya gemu mjini, lakini jaribu lenzi ya kusomea diski kabla ya kutoa pesa, zimechezeshwa mpira usiku na mchana.

Na feki, jamani. Mwaka jana mtu mmoja mtandaoni aliniuzia kaseti ya Pokémon ya Game Boy, "original kabisa ndugu", laki mbili na nusu. Nikacheza wiki mbili, nikahifadhi, asubuhi moja kila kitu kimefutika. Nikaifungua: tone la lami lilelile. Kaseti halisi, ukiiinamisha kwenye mwanga utaona namba ndogo mbili zimegandamizwa juu ya lebo, na kwenye kibao cha ndani pameandikwa Nintendo. Yangu haikuwa na kimojawapo. Simu ya muuzaji haipatikani hadi leo.

Nikipewa kuchagua, kaseti zangu zinabaki. Famicom itakaa kabatini, natafuta moyo wa kuiuza.

La mwisho. Baada ya hadithi ya ule muziki nikamtafuta yule afande. Amestaafu, anafuga kuku. Nikamsalimia, tukacheka, nikamuuliza, "Mzee, ile TV gemu yako bado ipo?"

"Ipo, mwanangu. Iko chini ya kitanda. Pedi moja panya walikula waya."

Nikamwambia ningependa kuinunua, iwe kumbukumbu tu. Akanyamaza kidogo.

"Nasikia hivi vitu vya zamani siku hizi vina pesa," akasema. "Wewe ni mtoto wa nyumbani. Leta laki tatu."

Nimemwambia nitampigia.