Urea safi ya maabara, chupa ya gramu 500: nilivyoiona baada ya kuichanganya na kromiamu na shaba

Naipa nyota nne, na ile moja iliyobaki nitasema imeenda wapi. Chupa hii niliichukua kwa kazi moja tu, kutengeneza changamano za metali (ayoni ya metali iliyozungukwa na molekyuli zinazoishika), kwa sababu nimechoka kusikia urea ikiongelewa kama mbolea basi, wakati ni ligandi, yaani molekyuli ya kuishika metali, nzuri mno kwa mtu anayeanza kujifunza. Hainuki, sio sumu kali, na inayeyuka haraka sana, kwenye nyuzi 20 maji mililita 100 yanabeba zaidi ya gramu 100 na huoni kitu chini, ila utashangaa bika inavyokuwa ya baridi mpaka inatoka jasho kwa nje, maana urea ikiyeyuka inanyonya joto.

Kabla sijaiamini lebo (imeandikwa usafi asilimia 99.5) nilipima kwanza kama ina biyureti, uchafu unaotokana na urea yenyewe ikipata joto. Niliyeyusha kidogo, nikatia sodiamu haidroksaidi, alafu matone machache ya kopa salfeti, chumvi ya shaba. Ikibaki bluu tu uko salama, ikienda zambarau ujue biyureti imo, kwa sababu kwenye besi biyureti inaikamata shaba kwa naitrojeni zake na ndo rangi inageuka. Ya chupa hii ilibaki bluu kabisa. Nikajaribu na punje za mbolea pembeni, zikatoa zambarau hafifu lakini inaonekana, na haishangazi, kule kiwandani urea ikipata joto jingi molekyuli mbili zinaungana na kutoa amonia, kwahiyo mbolea kuwa na biyureti karibu asilimia moja ni jambo la kawaida. Udongo hauna neno na hiyo, ila wewe unayetaka fuwele safi itakusumbua, tena punje nyingi zinawekewa dawa ya kuzuia zisigandane na hiyo nayo inaingia kwenye mmumunyo wako.

Sasa raha yenyewe. Nilipima kloridi ya kromiamu yenye maji sita gramu 2.67, urea gramu 3.6 na nyongeza kidogo juu yake, yaani molekyuli sita za urea kwa kila ayoni moja ya kromiamu, maji kidogo, matone mawili matatu ya asidi ya haidrokloriki, nikaweka juu ya maji ya moto ipungue taratibu. Usiwe na haraka hapa, kromiamu(III) inabadilisha ligandi polepole sana, ukitoa mapema unabaki na chumvi yako ileile uliyoanza nayo. Na usije ukasema imekubali kwa kuangalia rangi tu maana unaanza na kijani na unamaliza na kijani, cha kuangalia ni fuwele, zile za changamano zinakuja nyembamba kama sindano. Nilipoziona nilikaa nazitazama muda mrefu kwa kweli, urea sita zimeizunguka ayoni moja na zote zimeishika kwa oksijeni.

Hapo kwenye oksijeni ndo watu wengi wanakosea, na mimi nilikuwa hivyohivyo. Mtu anaona naitrojeni mbili, anakumbuka amonia, anasema bondi itakuwa kwa naitrojeni. Lakini jozi za elektroni za zile naitrojeni haziko huru, zimevutwa kuelekea kaboni na oksijeni, kwahiyo oksijeni ndo inabaki na chaji hasi ya kutosha kuivuta metali. Mwaka 1957 wanakemia kina Penland na Quagliano walilionyesha hili kwa kipimo cha infraredi, kinachoonyesha kila bondi kama mstari wake, kromiamu, chuma, zinki na shaba wote walishika oksijeni, ila paladiamu na platinamu wakaenda kwa naitrojeni. Ukipata nafasi ya kupima fuwele zako utaona mstari wa kaboni na oksijeni umeshuka kidogo kutoka pale ulipo kwenye urea yenyewe, bondi ile imelegea kwa sababu oksijeni ina mtu mwingine wa kumshika.

Ile asidi niliyotaja usiiache. Urea ikikaa kwenye maji ya moto sana, kuanzia kama nyuzi 80 hivi kwenda juu, inaanza kuvunjika na kutoa amonia, pH inapanda na kromiamu yako inaanguka kama haidroksaidi, matope ya kijani na kazi imeisha. Niliharibu mara moja hivyo. Lakini hichohicho ni faida ukikitaka, maana amonia inatoka kila sehemu ya mmumunyo kwa wakati mmoja, unapata haidroksaidi ya metali laini na sawasawa kuliko ukimwaga besi kwa juu. Kwa kazi hiyo chupa hii naisifia bila kusita.

Nyota iliyopotea ni ya kifuniko. Urea inanyonya unyevu, kila mtengenezaji analijua hilo, na bado kifuniko cha chupa yangu hakikazi vizuri na ndani hakuna kizibo cha pili. Baada ya wiki kadhaa nusu ya chini imekuwa jiwe, nachokonoa kwa kijiko cha chuma na kila nikipima inabidi niikaushe kwanza. Msije mkaikausha kwa joto kali, inayeyuka nyuzi 133 na ukikaribia huko unaanza kujitengenezea biyureti mwenyewe, mimi naiacha usiku kucha kwenye desiketa, chombo kilichofungwa chenye kitu cha kunyonya unyevu.

Nikirudia kununua nitachukua mbili za gramu 250, moja naifungua nyingine inakaa na sili yake.